Mtandao Upi? Istilahi za Seva ya Barua Pepe ya Nyumbani

Neno mtandao limebebeshwa mzigo mzito kupita kiasi. Mtu akisimama sokoni Bariadi na kusema "hakuna mtandao", msikilizaji huelewa kwamba simu ya mkononi haipati mawimbi ya kampuni ya simu. Akisema "nimeiona mtandaoni", huelewa kwamba amelisoma jambo hilo katika intaneti. Lakini karani wa ofisi akisema kwamba kompyuta zake tatu "ziko katika mtandao mmoja", maana ni nyingine kabisa: anataja nyaya au mawimbi yanayounganisha mashine za jengo moja, ambayo yaweza kufanya kazi hata siku ile ambayo mawasiliano yote ya nje yamekatika. Katika mazungumzo, muktadha hutosha kuzitenga maana hizo. Katika maandishi ya kiufundi hautoshi, na hasara inayotokea si ya lugha peke yake.

Madhumuni ya makala haya ni kuionyesha hasara hiyo kwa kazi moja mahususi, nayo ni kuweka seva ya barua pepe nyumbani, juu ya kifaa cha kuhifadhia data kinachotumiwa na kompyuta zote za nyumba hiyo, na papo hapo kupendekeza istilahi zitakazomwezesha mfasiri kuieleza kazi hiyo bila kumpoteza msomaji. Mfano wetu tumeuweka Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa mwaka 2012. Tungeweza kuuweka Dar es Salaam, lakini mahali ambapo watu wengi huingia katika intaneti kwa laini ya simu, na ambapo fundi wa karibu hayuko jirani, upungufu wa maelezo hujitokeza upesi zaidi.

Tuanze na kifaa chenyewe. Ni kisanduku kidogo chenye nafasi ya diski mbili au zaidi, kama vile vinavyotengenezwa na Synology na QNAP. Huunganishwa kwa waya na ruta, kisha kila kompyuta na simu iliyomo nyumbani huweza kuweka na kuchukua majalada humo. Waliokibuni wamekipa jina ambalo, likifasiriwa neno kwa neno, huwa "hifadhi ya mtandao". Hapo ndipo tatizo linapozaliwa. Msomaji wa Kiswahili wa leo akiona "hifadhi ya mtandao" au, kama wengi wanavyoandika, "hifadhi ya mtandaoni", hufikiri juu ya nafasi inayokodishwa kutoka kwa kampuni kubwa ya ng'ambo, ambako picha na barua zake hukaa katika diski asizoziona wala kuzijua ziko nchi gani. Yaani huelewa kinyume cha kilichokusudiwa. Kisanduku kile hununuliwa hasa ili data zikae ndani ya nyumba.

Tuseme mwalimu mkuu amepokea mwongozo unaomtaka atunze barua na orodha za wanafunzi katika "hifadhi ya mtandao". Akiuelewa kwa namna moja, atanunua kisanduku na kukifungia kabatini. Akiuelewa kwa namna ya pili, atalipia nafasi kwa mwaka na kuzipeleka taarifa za watoto nje ya nchi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, imeweka masharti juu ya kusafirisha taarifa binafsi nje ya Tanzania. Kwa hiyo kiambishi kidogo -ni, kikiongezwa au kikiachwa kwa uzembe, chaweza kuuhamisha wajibu wa kisheria wa mtu ambaye hakuwa na nia ya kuvunja sheria yoyote.

Je, neno hifadhi lenyewe linafaa? Katika mkoa unaopakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, hifadhi ni kwanza mahali pa wanyama na askari wa kuwalinda. Hata akiba, ambalo lingekuwa badala nzuri, nalo limeshaingia porini, maana Pori la Akiba la Maswa liko huko huko. Hilo halitoshi kuyakataa maneno hayo, kwa kuwa lugha zote huwa na maneno yenye maana nyingi. Sababu yenye uzito zaidi ni kwamba hifadhi hutaja tendo la kutunza kuliko chombo cha kutunzia, na sisi tunatafuta jina la chombo.

Neno linalopendekezwa hapa ni ghala. Mkulima wa pamba wa Simiyu analijua ghala la chama cha msingi: pamba iliyopimwa hukaa humo ikingoja kupelekwa kwenye jineri, ghala liko kijijini, na ufunguo unajulikana uko kwa nani. Sifa hizo ndizo za kifaa tunachokieleza. Bohari nalo lilistahili kufikiriwa, lakini matumizi yake serikalini, kwa mfano katika Bohari ya Dawa, yamelipa sura ya ghala kuu linalogawa vitu nchi nzima, wakati kisanduku chetu ni cha nyumba moja. Wako wanaotumia "ghala la data" kwa mkusanyiko mkubwa wa takwimu za shirika. Ili tusigongane nao, jina kamili liwe ghala la mtandao wa ndani, na katika maandishi marefu, baada ya kulitaja mara ya kwanza, ghala la ndani litatosha. Mtandao wa ndani uwe ni ule wa nyumba au ofisi. Intaneti liachwe lilivyo, kwa sababu limekwisha kuzoeleka, na majaribio ya kulipa neno jingine, kama mdahalishi, hayakuenea miongoni mwa watumiaji wa kawaida. Mtandao wa simu uitwe hivyo hivyo kwa ukamilifu. Mfasiri asiandike mtandao peke yake mahali popote ambapo msomaji anatakiwa kutenda jambo.

Seva halihitaji mjadala mrefu kwa upande wa umbo lake. Limekubalika Tanzania na Kenya, linafuata upatanisho wa ngeli ya I-/ZI- bila matatizo (seva hii inajibu, seva hizi zinajibu), na hakuna neno la asili lililolishinda. Linalohitaji maelezo ni maana. Wengi hudhani seva ni mashine kubwa iliyowekwa katika chumba chenye baridi. Sivyo. Seva ni kazi inayofanywa na programu, kama vile uenyekiti ulivyo kazi na si kiti. Programu hiyo yaweza kukaa katika mashine kubwa au katika ghala dogo la ndani linalotumia umeme wa wati 15 hadi 30 hivi. Ghala moja laweza kubeba seva kadhaa kwa wakati mmoja: ya majalada, ya picha, na ya barua. Kwa hiyo "kununua seva" na "kuweka seva" ni mambo mawili, na mwongozo mzuri utayatenga.

Ili kueleza jinsi barua pepe zinavyokwenda, mwalimu hana haja ya kutafuta mfano mbali. Nchini mwetu desturi ya miaka mingi imekuwa kuchukua barua kwenye sanduku la posta badala ya kuletewa mlangoni, na ndiyo maana anwani zetu hubeba herufi S.L.P. Sanduku liko katika jengo la posta. Mwenye sanduku ana ufunguo tu. Mtu anayetumia barua pepe ya kampuni kubwa ana sanduku la namna hiyo: nywila ni ufunguo wake, lakini jengo, ukuta na msimamizi ni vya wengine. Anayeweka seva ya barua nyumbani hafungui sanduku jipya. Anafungua posta. Tofauti hiyo ikieleweka, mambo mengine yote yanayofuata huonekana kuwa ya lazima, hata yale ambayo kwa mara ya kwanza huonekana kuwa usumbufu mtupu: posta lazima iwe na jina, iwe mahali panapofikika, itambuliwe na posta nyingine, na iwe na mtu wa kuwajibika.

Jina la posta huitwa kikoa. Kamusi zililijua neno hili zamani kwa maana ya ushirika wa kula pamoja kwa zamu. Leo limepewa kazi ya kutaja eneo la majina katika intaneti, na vikoa vya.tz vimelizoesha miongoni mwa watumiaji. Mwananchi wa Bariadi aweza kusajili kikoa chini ya me.tz kilichotengwa kwa ajili ya watu binafsi, au co.tz kama anafanya biashara. Shule huwa chini ya sc.tz na ofisi za Serikali chini ya go.tz. Kikoa kikisajiliwa, huandikwa katika kile tunachopendekeza kiitwe daftari la vikoa, na kila mstari wa daftari hilo uitwe ingizo. Wengine huandika "kumbukumbu", lakini watumishi wa umma wanalijua neno hilo kwa mihtasari ya mikutano na kwa majalada ya masjala, na halitawasaidia hapa. Ingizo moja, lenye herufi MX, huwaambia walimwengu kwamba barua za kikoa hiki zipelekwe kwenye seva fulani.

Seva hiyo hutambuliwa kwa nambari. Vitabu vingi huiita "anwani ya IP", nasi tunaona afadhali iitwe namba ya IP, ili anwani libaki kuwa la barua peke yake. Na hapa ndipo kazi nyingi za namna hii hukwama katika miji ya mikoani, pasipo mwenye kazi kujua sababu. Kampuni za simu hazina namba za kutosha kumpa kila mteja yake. Aghalabu huwaweka wateja wengi nyuma ya namba moja ya nje, na kuwapa namba za ndani za muda. Mwaka 2012 fungu maalumu la namba lilitengwa kwa desturi hiyo, kuanzia 100.64 hadi 100.127 kwa tarakimu mbili za mwanzo. Mtu akitazama katika ruta yake na kukuta kwamba namba iliyotolewa na kampuni imo katika fungu hilo, ajue kwamba barua kutoka nje hazitaifikia seva yake, hata akipanga kila kitu kwa ufundi. Ni sawa na kufungua posta katika chumba cha nyuma cha nyumba ya kupanga ambayo mlango wa mbele unalindwa na mwenye nyumba. Dawa ni kuomba kampuni impe namba ya kudumu, ambayo kwa kawaida hulipiwa zaidi, au kutumia seva ya kupitishia iliyoko mahali pengine, itakayopokea barua na kuzisukuma hadi Bariadi kwa njia iliyofunguliwa kutoka ndani.

Tunapozungumzia milango, tuonye juu ya kosa moja. Kila seva husikiliza katika nafasi zilizopewa tarakimu: 25 kwa barua zinazotoka seva moja kwenda nyingine, 587 au 465 kwa barua ambazo mtumiaji anaikabidhi seva yake, 993 kwa kusoma zilizokwisha fika. Neno la Kiingereza linalotumika lina maana pia ya bandari, na mfasiri asiye mwangalifu, akiwa mtu au mashine, huandika "fungua bandari 25". Msomaji aliyeko Bariadi, zaidi ya kilometa mia sita kutoka pwani, ana haki ya kushangaa. Neno ni mlango. Milango ya seva hufunguliwa na kufungwa, hubishwa hodi, na wageni hukataliwa hapo. Hakuna hata moja ya picha hizo inayogoma katika Kiswahili.

Kuna suala la vitenzi pia. Kusimika na kusakinisha hutumiwa leo kana kwamba ni kimoja. Kusimika ni kukifanya kitu kisimame mahali pake, ikiwa ni nguzo, mtambo au hata mtemi. Kusakinisha kumetokana na kusakini, yaani kukaa mahali. Ghala basi lisimikwe, na programu ya seva isakinishwe ndani yake.

Barua ikitoka Bariadi, posta nyingine zitauliza: nani aliyekutuma? Kanuni ya msingi ya kusafirisha barua pepe ilichapishwa mwaka 1982, wakati ambapo waliokuwa wakiitumia walikuwa wachache na wakijuana, na haikuweka njia ya kuthibitisha kwamba anayejitaja ndiye. Uwongo ulipozidi, mbinu tatu ziliongezwa, zote zikiandikwa katika daftari la vikoa. Ya kwanza, ijulikanayo kwa herufi SPF, ni orodha ya watumaji walioidhinishwa. Ya pili, DKIM, ni muhuri ambao seva hupiga juu ya kila barua, na mpokeaji huulinganisha na kielelezo kilichomo daftarini. Wengi wameuita "sahihi", lakini sahihi ni ya mtu, na huu hupigwa na ofisi bila kujali nani aliandika, kwa hiyo muhuri ndilo neno la haki. Ya tatu, DMARC, ni agizo la mwenye kikoa juu ya barua isiyo katika orodha wala isiyo na muhuri: ipokewe, itengwe au ikataliwe. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo zimekaza masharti haya kwa watumaji wote, na kwa ukali zaidi kwa wanaotuma maelfu. Mwenye seva ya nyumbani ambaye hakuyatimiza ataona barua zake zikiingia katika chungu la barua taka, au zikirudishwa, na atailaumu ruta bure.

Watu huuliza, na swali lao ni la haki: umeme ukikatika usiku kucha Bariadi, barua zitapotea? La. Kanuni zinazotawala usafirishaji zinaitaka seva inayotuma iendelee kujaribu, na muda unaopendekezwa kabla ya kukata tamaa ni siku 4 hadi 5. Barua hungoja kwa aliyeituma. Kinachoweza kupotea ni zile zilizokwisha fika, endapo diski itaharibika. Ndiyo sababu ghala hupewa diski mbili ambazo kila moja hubeba yaleyale yaliyomo katika nyingine. Diski hizo ziitwe diski pacha. Zisiitwe nakala za akiba, maana hapo mtu atajidanganya vibaya. Barua ikifutwa kwa bahati mbaya, hufutwa katika pacha wote wawili kwa nukta ileile. Mwizi akibeba ghala, amebeba wote wawili. Nakala ya akiba ni ile inayokaa mahali pengine, kwa mfano kwa ndugu aliyeko Maswa, na kufanywa upya kwa siku maalumu. Katika istilahi zote zilizotajwa humu, pengine hii ndiyo ambayo kosa lake huliza watu zaidi.

Faida ya kuwa na posta ya nyumbani ilionekana kwa namna yake tarehe 12 Mei 2024, nyaya za chini ya bahari za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu na intaneti ikazorota sana Tanzania na nchi jirani. Siku kama hiyo, watu wawili wa ofisi moja wanaotumia masanduku ya kampuni ya ng'ambo huweza kushindwa kupelekeana barua kutoka chumba hadi chumba, kwa kuwa barua lazima ivuke bahari na kurudi. Wenye seva katika mtandao wa ndani huendelea kuandikiana. Hatusemi kwamba kila nyumba ifungue posta. Kazi ya kuilinda ni ya kila wiki, programu zinahitaji kufanywa upya, na mlango uliosahauliwa wazi hugeuzwa na wahalifu kuwa njia ya kumwaga barua taka duniani. Watumishi wa umma nao wakumbuke kwamba barua za kazi zina mfumo wake rasmi, unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao chini ya sheria ya mwaka 2019. Ghala la nyumbani si mahali pake, hata liwe zuri namna gani.

Limebaki neno moja ambalo mfasiri hana ruhusa ya kuligusa. Kanuni zinataka kila kikoa kinachopokea barua kiwe na anwani inayoanza na neno postmaster, ili mtu yeyote mwenye malalamiko apate wa kumwandikia. Anwani hiyo haifasiriwi: ikiandikwa kwa Kiswahili, seva za wengine hazitaifikia. Katika maelezo, hata hivyo, tunaweza kumwita mwenye dhamana hiyo kwa jina ambalo wazee wetu walilitumia bila taabu, yaani postamasta. Jina hilo tayari tunalo katika cheo cha Postamasta Mkuu, na halitakuwa geni kwa mwalimu wa Bariadi ambaye, baada ya kusimika ghala na kufungua milango yake, atajikuta ndiye mwenye cheo hicho nyumbani kwake.